Mbuzi Kumi na Wawili wa Bi Barke

Bi Barke wa Junda, huko Mombasa, alikuwa na mbuzi thelathini na mmoja, na mpaka mwaka huu hakupata kulitamka jambo hilo mbele ya kiumbe yeyote. Alilijua kama mtu ajuavyo vidole vya mkono wake, ila kujua ni kwingine na kusema ni kwingine. Kila asubuhi akifungua mlango wa banda huwapitisha mmoja mmoja, akiwaita kwa majina na kwa rangi: Kijivu, Mama Pembe, Madoa, wana wa Madoa, Kishoka, mpaka wa mwisho atoke. Akikosekana mmoja, ataliona pengo lake. Lakini kuwapigia moja, mbili, tatu kwa kinywa, la. Mnyama anayehesabiwa huandamwa na jicho baya, na jicho halina sindano. Hivyo alifunzwa na mamake, na hivyo ndivyo wanavyoshika wafugaji wote wa Junda, Mswahili kwa Mgiriama, hata yule mhubiri wa pale njia panda ambaye husema anao "wachache tu, Bwana asifiwe."

Basi mwezi wa tatu alikuja binti wa idara ya mifugo, tableti mkononi, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama. Naitwa Quinter, natoka idara ya mifugo. Tunaandika mifugo ya hii robo ya mwaka. Wewe uko na mbuzi wangapi?"

"Marahaba mwanangu. Kaa kitako kwanza. Maji utakunywa?"

"Nitakunywa, asante. Mbuzi ni wangapi?"

"Wamo, wamo tu."

"Wangapi, mama? Hii kitu inataka namba."

Bi Barke akatupa jicho bandani. Wengine walikuwa wametoka na Garama, mchungaji mwenzake, kwenda kula kandokando ya mikoko; waliobaki walikuwa wamelala kivulini wakicheua.

"Andika kumi na wawili."

Quinter akachungulia, akaona pembe na mikia, akaandika alichoambiwa, akanywa maji yake, akabandika karatasi yenye namba ya simu mlangoni, akaenda nyumba ya pili. Bi Barke hakuhisi kwamba amesema uongo. Kumi na wawili ilikuwa ni adabu tu, kama mtu anayeumwa na jino usiku kucha na akiulizwa hali hujibu, "Njema, alhamdulillahi."

Wakati huo alikuwa na jambo zito zaidi la kumnyima usingizi. Kiwanja alipojenga banda hakikuwa chake. Mwenyewe alikuwa amekiuza kwa watu wa kujenga nyumba za ghorofa, akampa muda mpaka Iddi ya kuchinja ipite. Banda livunjwe, mbuzi waondoke. Bi Barke akazunguka Kisauni yote mpaka akapata kipande cha ardhi Mwakirunge, kwa bibi mmoja mjane aitwaye Mwanatatu. Bibi huyo hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nitakungoja mpaka Iddi," alimwambia. "Iddi ikipita nawe hujaja, mwanangu, tusilaumiane."

Bi Barke alipiga bongo. Majike watatu walikuwa na mimba; hao hawauzi. Ishirini na wanane waliobaki, kila mmoja akipata elfu kumi na tano, pamoja na akiba yake, ardhi ya Mwakirunge ni yake. Chini ya hapo haipati, na asipoipata, ufugaji wake umekwisha. Hakuna mpangishaji wa chumba Junda anayekaribisha beberu. Na bei ya mbuzi wakati ule ilikuwa elfu kumi na mbili. Pengo la elfu tatu kwa kila mbuzi halizibwi kwa dua peke yake.

Likazibwa na redio.

Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya Iddi, asubuhi, Bi Barke anachanganya pumba na chumvi. Mtangazaji akasoma ripoti mpya ya mifugo: mbuzi wa ukanda wa Pwani wamepungua kwa thuluthi nzima. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea habari za mvua. Kabla ya adhuhuri simu ya Bi Barke ilikuwa imelia mara sita. Watu ambao mwezi uliopita walikuwa wakipita na kuwabonyeza mbuzi wake migongo kama wanaochagua maembe mabovu, sasa walikuwa wakimwita "mama yangu." Mahfudh, mwenye bucha la Kisauni anayepeleka nyama kwenye mahoteli ya Nyali, akataja elfu kumi na sita, wote kwa pamoja.

"Uza," akasema Garama.

Garama alikuwa mtu wa Kaloleni, mvi zimeanza kumwingia kidevuni. Alikuwa amechunga na Bi Barke kwa miaka kumi na minne, na alikuwa na fungu lake katika kila zao. Hakuwa mtumishi; alikuwa mshirika anayependa kunung'unika.

"Leo ni kumi na sita," akajibu Bi Barke. "Jumatatu itakuwa kumi na nane. Kwa kumi na nane nanunua na waya wa ua."

"Mtaka yote hukosa yote, Bi Barke."

"Aliyesema hivyo hakupata kuuza mbuzi."

Garama akaguna, akachukua fimbo yake, akawatoa mbuzi.

Jumamosi pumba zikamwishia, akaenda Changamwe kununua nyingine. Kule, ubavuni mwa kinu cha kusaga mahindi, kuna duka la mwanamke wa bara aitwaye Rispa, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya reli. Bi Barke alizoea kumkuta amekaa juu ya magunia akisinzia. Siku hiyo alikuta foleni.

"Gunia moja moja kwa kila mtu!" Rispa alikuwa akipaza sauti. "Moja! Na msinisukume, mimi si mlango."

"Moja?" Bi Barke akauliza zamu yake ilipokaribia. "Mimi huchukua matatu."

"Hata mimi hupenda kula mara tatu, Bi Barke, lakini kukikosekana nakula mara moja."

"Kwani kinu kimepunguza kusaga?"

"Kinu kinasaga mchana na usiku. Ni nyinyi na mbuzi wenu. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nabembeleza watu wanunue. Wiki ya pili hii, lori likishusha asubuhi, saa saba nafagia sakafu."

Bi Barke akabaki na gunia lake tupu mkononi. Alikuwa amefuga tangu usichana wake, na kuna mambo ambayo mfugaji hayafikirii, yanamjia tu, kama harufu ya mvua. Mbuzi waliopungua hawamalizi pumba. Mbuzi waliopungua huacha pumba zikaoza dukani.

Nyuma yake alisimama Mwidani, jirani yake wa Junda, ambaye banda lake lilikuwa nyuma ya msikiti.

"Mwidani," akamwambia, "yule binti wa idara alipokuja kwako, ulimwambia una mbuzi wangapi?"

"Wanane."

"Nao ni wanane?"

"Ni hao wanane," akasema Mwidani, "na ndugu zao."

Foleni ikacheka. Mwanamke mmoja wa Mishomoroni akadakia: "Mimi nilimwambia si wangu, ni wa shemeji yangu, na shemeji kasafiri."

"Mimi nilimwona tangu mbali na ile tableti," akasema mwanamume wa Miritini. "Nikawapitisha wote nyuma ya ukuta wa reli. Alipofika nikamwonyesha kuku. Masikini, akawaandika kuku."

Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Bi Barke naye alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Basi hizo ndizo hesabu zilizosomwa redioni," akasema.

"Na alhamdulillahi!" akasema Mwidani. "Jicho tumelikwepa na bei tumeipata."

"Na wafugaji wa Taita? Na wa Mto Tana? Wao hawana redio? Wakisikia Mombasa hakuna mbuzi, watafanya nini?"

"Bi Barke, wallahi, wewe hata ukiletewa pilau ya harusi huanza kwa kutafuta changarawe."

Wakacheka tena, na foleni ikasogea.

Aliporudi Junda hakuvua hata buibui. Alisimama mlangoni pa banda, akaisoma namba kwenye ile karatasi ambayo jua lilikuwa limeanza kuipausha, akapiga.

"Quinter, mwanangu, ni Barke wa Junda. Wa mbuzi kumi na wawili."

"Eeh, mama. Nakukumbuka. Ulinipa maji."

"Nina mbuzi thelathini na mmoja."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake, na lilimtoka kama mwiba wa samaki. Akawageukia mbuzi. Walikuwa wakicheua kama kawaida.

"Mama, si uliniambia kumi na wawili?"

"Nilikwambia."

"Na niliona vichwa vimezidi. Lakini sisi tunaandika chenye mwenye mali amesema."

"Basi irekebishe."

"Hiyo imeshaenda, mama. Imeenda Nairobi, imejumlishwa, imetoka. Ripoti ingine inatoka mwezi wa nane." Quinter akashusha sauti. "Wacha nikuulize. Ni wewe peke yako?"

"Ni Junda nzima, mwanangu. Na nje ya Junda."

"Yawa!" akasema Quinter. Ikasikika kana kwamba amekaa chini. "Sasa ndio naelewa. Niko Mariakani hapa sokoni tangu jana. Malori ya mbuzi yamepangana mpaka barabarani. Watu wanatoka Taita, wanatoka mpaka Kajiado, kila mmoja anasema Mombasa hakuna mbuzi, serikali imesema."

"Watatufikia lini?"

"Jumatatu. Ikichelewa sana, Jumanne."

Garama alikuwa ameegemea nguzo, amesikia yote. Hakungoja kuulizwa.

"Mpigie Mahfudh," akasema. "Sasa hivi. Mpigie kabla Mariakani haijampigia."

Bi Barke akampigia.

Mahfudh alifika baada ya swala ya alasiri, kofia kichwani, kanzu ameikunja mpaka magotini asiichafue. Alikuwa mchinjaji mtoto wa mchinjaji, na mikono yake ilijua kazi. Alimpitia kila mbuzi: akamfunua mdomo akatazama meno, akampitisha kiganja mgongoni, akamwinua kwato. Hakuna aliyemkataa. Garama alikwisha andaa kamba.

"Mashallah," akasema Mahfudh. "Kumi na sita na nusu, kwa sababu ni wewe. Kesho nawachukua wengine sitini wa Bamburi kwa bei hiyo hiyo, kisha Mtopanga. Nimetia kila nilicho nacho, Bi Barke. Hata mke wangu kanitolea dhahabu yake." Akaweka mkono juu ya mgongo wa Kijivu, akautuliza hapo. "Wewe ni mfugaji, nami nakuamini kuliko redio. Hebu niambie moyo wangu utulie. Kweli mbuzi hakuna?"

Kumi na sita na nusu. Mwakirunge ni yake, na waya wa ua juu yake. Ilibaki aseme neno moja tu, tena fupi, au asiseme lolote, atikise kichwa kwa huzuni kama wafanyavyo watu redio inapotangaza ukame.

Baadaye alikiri kwa Garama kwamba asingeulizwa, angeuza. Asiyeulizwa hana la kujibu, na soko ni soko. Lakini miaka yote hiyo hakupata kumuuzia Mahfudh mbuzi mwenye kilema bila kumtajia kilema chake: huyu jicho moja halioni, huyu alivunjika mguu akiwa mdogo. Mbuzi wa Iddi hafai akiwa na kilema, na muuzaji akificha, kuchinja kwa watu huharibika. Na hawa wake leo, wote ishirini na wanane, walikuwa na kilema kimoja, ambacho hakikuwa mguuni wala jichoni.

"Mahfudh," akasema, "pumba zimekwisha Changamwe."

"Pumba? Mimi nakuuliza habari ya..." Mkono wa Mahfudh ukasimama juu ya mgongo wa mbuzi. "Tangu lini?"

"Wiki ya pili hii."

Mahfudh akatafuta pa kukaa, akapata ndoo iliyofudikizwa, akaikalia na kanzu yake nyeupe. "Na ripoti?"

"Ripoti ni mimi. Mimi na wenzangu. Tuliulizwa, kila mtu akataja nusu au robo, kwa kuogopa jicho. Mbuzi wapo, Mahfudh. Na wengine wako njiani, wamejaa Mariakani."

Garama akaiachia kamba ianguke. Akaenda kwenye mtungi, akanywa maji kwa kelele, akarudisha kata kwa kelele.

"Ungeninyamazia nikalipa," Mahfudh akasema taratibu, "Jumanne ningekulaani."

"Ungenilaani."

"Na kwa kuwa umesema, nakulaani leo. Nilikwisha wapigia hoteli hesabu."

Wakatazamana, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wawili waliomwagikiwa na mchuzi mmoja. Kisha Mahfudh akasimama, akajikung'uta.

"Kumi na tatu," akasema.

"Kumi na nne. Umeishika migongo mwenyewe."

"Kumi na tatu na nusu, na lori langu laja kesho asubuhi. Bi Barke, Jumanne hupati hiyo."

Alijua kwamba haipati. Akampa mkono.

Kabla hajafika barabarani Mahfudh alikwisha toa simu akawavunjia watu wa Bamburi mapatano. Magharibi habari ilikuwa imeenea Junda nzima. Jumapili, lori likiwa limeshaondoka na mbuzi, Mwidani alikuja akasimama nje ya ua, hakuingia.

"Umetuvunjia soko, Bi Barke."

"Jana niliwaambia, mkacheka."

"Sisi ulitudokeza tu, mnunuzi ukamwambia yote sikioni."

"Wauze leo, Mwidani. Leo bado kumi na tatu ipo."

"Siuzi kwa kumi na tatu kitu ambacho Ijumaa kilikuwa kumi na sita."

Akaenda zake. Jumatatu malori yakaingia. Kutoka Miritini mpaka Kongowea mbuzi walifungwa kwenye nguzo za taa, kwenye magurudumu ya malori, kwenye miguu ya meza za wauza miwa. Jumanne bei ilikuwa kumi na moja. Siku ya Arafa, mkesha wa Iddi, Mwidani aliuza kwa elfu tisa. Siku hizi akikutana na Bi Barke huitikia salamu, ila kwa midomo tu. Na Bi Barke hamlaumu.

Siku hiyo hiyo ya Arafa Bi Barke alikwenda Mwakirunge, funga kinywani, kumwambia Bi Mwanatatu kwamba pesa hazikutimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zimepungua, siyo? Nakuona mabegani."

"Zimepungua."

"Nami bei yangu siipunguzi."

"Sikuja kuomba kupunguziwa. Nimekuja kukuarifu tu, usije ukamkosa mtu mwingine kwa ajili ya kuningoja mimi."

Bi Mwanatatu alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Mbuzi si walikuwa juu? Redio yote ilikuwa ni mbuzi, mbuzi."

Bi Barke akamsimulia: tableti, kumi na wawili, foleni ya pumba, Mahfudh juu ya ndoo. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akapepeta, akapepeta tena, ndipo akauweka ungo chini.

"Bei siipunguzi," akasema, "lakini ardhi naweza kuipunguza. Upande wa barabarani naubakiza. Wewe chukua wa nyuma, kwa hicho ulicho nacho."

"Wa nyuma nitaufikia vipi, bibi? Umezibwa pande tatu."

"Utapita uani kwangu. Tangu alfajiri mpaka magharibi mlango u wazi. Ila nina mhogo, nina mchicha, na sina subira."

Bi Barke hakuwa na la kuchagua, na alipolipima vizuri hakutaka kuchagua. Akalipa, wakaandikiana mbele ya mzee wa mtaa.

Iddi pili, yeye na Garama wakavunja banda la Junda, wakapanga mabati na nguzo juu ya mkokoteni, na majike watatu wenye mimba wakafuata nyuma. Walipofika, Bi Mwanatatu alikuwa amekwisha simama kati ya nyumba yake na shamba lake dogo, mwiko mkononi. Mama Pembe akapita mbele yake wima, kama bibi harusi. Wa pili akapita. Wa tatu akanyoosha shingo, akang'oa tawi zima la mhogo, akaenda nalo.

"Barke!"

"Abee, bibi!"

"Huyu wako kashanionja!"

"Mtandike, bibi."

"Leo simtandiki, leo mgeni," akasema Bi Mwanatatu, akiutazama mwiko wake kama anayeuwekea akiba. "Lakini awaambie na wenzake, kesho si Iddi."

Garama alikuwa akicheka peke yake huku akiusukuma mkokoteni. Bi Barke akainama kupita chini ya kamba ya nguo, bati moja kichwani, akatokea upande wa pili. Kipande chake kilikuwa kimemea magugu mpaka kiunoni, hakuna hata pa kuweka mguu. Majike watatu hawakungoja kuonyeshwa pa kuanzia.